Kufufua Machini ya Zamani: Tunafufua Nini?

Swali hili halikutoka kwangu. Lilitoka kwa mwanafunzi wa kalasi ya tano, binti mmoja mwenye maneno kidogo, siku tulipotembea na wanafunzi mpaka mbele ya gare ya Lubumbashi, fasi kunasimama kichwa cha treni cha zamani, kile cha mvuke. Wengine walipanda juu, wakapiga picha. Yeye alikizunguka, akagonga chuma na kidole, kisha akaniuliza: « Mwalimu, tukibadilisha vyuma vyote vyenye viliharibika mpaka itembee tena, itakuwa ni ile ile? Ao itakuwa ingine yenye kuvaa tu jina ya ile ya kwanza? »

Nilimjibu kama sisi walimu tunavyojibu wakati hatuna jibu: nilisema ni swali nzuri, tutaliangalia juma lijalo. Juma lile lilipita, na majuma mengi nyuma yake. Andiko hili ndilo deni ninalolipa.

Wale waliosoma filozofia wanajua kwamba swali lenyewe ni la zamani sana. Mgiriki Plutarque alieleza juu ya mashua ya Thésée, yenye watu wa Athènes walitunza kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, mpaka wenye hekima wakagawanyika: hawa wanasema ni ile ile, wale wanasema hapana. Lakini hata sisi hapa hatukungoja Wagiriki. Kinyago kikiliwa na mchwa, kinachongwa kingine, kinapewa jina lile lile na kinacheza ngoma ile ile. Hakuna mzee anayesema kwamba ni cha uongo, kama tu mchongaji alifundishwa na mtu aliyestahili kufundisha. Lakini kinyago cha kuchongwa na mtu asiyefundishwa, kwa kuuzia wageni, hata kikifanana namna gani, wazee wanakiangalia na kucheka. Tushike vizuri tofauti hiyo, itatusaidia mbele.

Sasa twende mbali kidogo, Marekani, kwa sababu kule kuna watu wanaofanya kazi hiyo kwa mikono yao kila mwaka. Katika milima ya West Virginia kuna mji mdogo, Cass, uliojengwa mwaka 1901 na kampuni ya mbao na karatasi. Njia ya reli ilipanda mlima kwenda kutafuta miti, na kichwa cha treni cha kawaida hakingeweza kuipanda. Njia za reli za kawaida zinaogopa hata mpando wa mita 3 kwa mita 100. Kule Cass kuna fasi inafika mita 11 kwa 100. Tena reli za wakata miti zilikuwa mbaya, zimelazwa haraka, zimepinda, juu miti ikiisha zinang'olewa na kulazwa pengine.

Mwenye kutafuta dawa ya shida hiyo alikuwa Ephraim Shay, mkata miti wa Michigan. Alichoka kungojea wakati wa baridi, theluji ianguke ndipo magogo yavutwe juu ya barafu. Alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1881. Katika machini yake, silinda zinasimama wima upande wa kuume, sawa wanaume watatu wanaotwanga katika kinu, na ile pipa kubwa ya kuchemshia maji, yenye wazee wetu wa depo waliita shodieri, inasogezwa kushoto ili uzito ulingane. Silinda zinazungusha chuma kirefu kinachopita pembeni ya magurudumu, na kile chuma, kwa meno yake, kinazungusha kila gurudumu. Hakuna gurudumu linalobebwa bure, yote yanafanya kazi. Machini inakwenda polepole, mtu anayekimbia anaweza kuishinda, lakini inapanda. Zilitengenezwa karibu 2770 mpaka mwaka 1945. Zilizobaki leo hazipiti sana mia moja.

Kiwanda cha Cass kilifungwa mwaka 1960. Vyuma vilikuwa karibu kuuzwa kwa kilo. Watu wakasimama, serikali ya jimbo ikanunua reli na machini, na mwaka 1963 treni ikapanda tena, safari hii na watalii badala ya magogo. Machini namba 5 ilifika pale mpya mwaka 1905 na haijahama.

Niseme jambo moja ambalo wapenda treni hawalisemi sana. Machini hizi zilikula msitu. Mlima wa Cass ulivuliwa nguo, miti ya zamani sana ikashuka kwenda kuwa mbao na karatasi. Leo msitu umeota tena, na machini ile ile inawapandisha watu kwenda kuangalia miti, watoto wa ile yenye ilibeba. Je, ni haki kumpendeza muuaji hivyo, kumpaka rangi na kumpigia picha? Hata kwetu, treni ilipofika Elisabethville mwaka 1910 ilichoma kuni, tena makaa ya mawe ya Wankie, na wenye kukata zile kuni hawakuulizwa kama wanapenda. Mimi sioni kwamba kosa hilo linazuia kufufua. Linazuia kufufua kwa kunyamaza. Kama muongozi wa watalii anataja nguvu za machini na hataji mlima uliobaki mtupu, amefufua nusu tu, na ile nusu iliyobaki ndiyo ingemfundisha mtoto kitu juu ya makala tunayochoma leo.

Lakini nirudilie swali la binti.

Kufufua machini ya mvuke si kupaka rangi. Unaifungua yote. Ndani ya shodieri mnapita mirija mingi inayopitisha moto katikati ya maji. Maji yenye chokaa yanaiviringishia uchafu, nayo inaliwa na kutu, kwa hiyo inatolewa yote na kutiwa mingine. Ukuta wa chuma unapimwa unene wake, fasi kwa fasi, na uliokonda unakatwa. Halafu shodieri inajazwa maji na kusukumwa kwa nguvu yenye kupita robo ile ya kazi, ili kama ni kupasuka, ipasukie maji na si mvuke, maana maji yanalowesha na mvuke unaua. Katika Marekani sheria iliyoanza mwaka 2000 inataka kazi hiyo yote irudiliwe kila siku 1472 za kazi, ao kila miaka 15. Ukifanya hesabu utaona: machini yenye miaka mia na zaidi, yenye kutunzwa vizuri, imekwisha kubadilishwa nyama yake mara nyingi. Kama utambulisho wake uko katika chuma, basi ilikufa zamani na hakuna aliyelia.

Kuna vyuma vingine vidogo, sawa misumari minene, vinavyoshikamanisha ukuta wa chumba cha moto na ukuta wa inje. Viko mamia. Kimoja kikivunjika ndani huwezi kukiona. Mafundi wa zamani walikuwa wanagonga kila kimoja na nyundo na kusikiliza. Kilicho kizima kinalia, kilichovunjika kinajibu kama mtu mwenye kuziba kinywa. Ufundi huo unakaa katika sikio, na sikio halirithiwi kwa barua.

Nini kinatokea chuma kikibaki na sikio likifa? Tunajua, kwa sababu ilitokea. Tarehe 16 juni 1995, katika jimbo la Pennsylvania, machini ya mvuke iliyotengenezwa Canada mwaka 1948 ilikuwa inavuta treni ya watalii. Machini ya kweli, wala si mfano. Maji ndani ya shodieri yalishuka chini ya dari ya chumba cha moto, na dari isiyofunikwa na maji inalainika sawa mshumaa. Wale waliokuwa mbele waliangalia kioo cha maji na kioo kiliwadanganya, maana vijia vyake vilikuwa vimezibwa na uchafu wa chokaa ambao hakuna aliyejua kuusafisha inavyopasa. Watu watatu waliungua, mmoja vibaya sana.

Wachunguzi wa serikali walipoangalia, walikuta mambo mawili, na yote mawili yanastahili kuandikwa ubaoni. La kwanza: watu wale hawakuwa wazembe tu, walikuwa wamepoteza maarifa, utunzaji wa kila siku ambao kijana yeyote wa depo zamani aliujua ulikuwa umeanguka njiani. La pili: kama hawakufa, ni kwa sababu wajenzi wa zamani walipanga vile vyuma vya kushikilia dari kwa namna mbili, vingine vya kuachilia mbele, vingine vya kushika, ili dari ikilegea ilegee kidogo kidogo na shodieri isiruke. Mafundi waliokwisha kuzikwa waliwaokoa wazima waliosahau. Ile sheria ya mwaka 2000 ilitoka katika ajali hiyo.

Basi ile ya Pennsylvania ilikuwa na chuma chake, jina lake na namba yake, na haikuwa tena ile ile. Machini ya mvuke yenye haijulikani kulishwa maji ni kitu kingine kabisa, ni bomu yenye filimbi. Na ile ya Cass, yenye imebadilishwa mirija mara ngapi, ni ile ile, kwa sababu mkono unaoilisha leo ulifundishwa na mkono uliofundishwa na mkono wa kwanza. Kinyago na mchongaji, tuko pale pale.

Msomaji wa Katanga ataniambia: hayo ni ya wenye feza. Kweli, lakini kwetu jambo hilo lilikwisha kufanyika, bila bei ya shodieri. Babu zetu waliyeyusha shaba, wakaitwa walaji wa shaba, na kazi hiyo ilisimamishwa wakati ukoloni ulipofika na kampuni zake. Mwaka 1924 Mgr de Hemptinne aliwaomba wazee waliokuwa wangali na maarifa wafanye kazi yao mara ingine, kuchimba, kujenga tanuru ya udongo, kuvuvia, mpaka shaba ikashuka. Aliyaandika na kuyachapisha mwaka 1926. Mengi tunayofundisha leo katika kalasi juu ya walaji wa shaba yanapita katika kile kitundu. Tunaweza kumlaumu askofu kwa mambo mengine, na watu wanamlaumu, lakini juu ya hili alifika kwa saa. Wale wazee walikuwa wamekaa bila kazi yao miaka kama ishirini na zaidi, mikono ilikuwa ingali inakumbuka. Angekawia miaka ishirini mingine, angekuta tanuru zilizobomoka na watoto wasiojua ni za nini.

Sasa nifike kwa deni lenyewe, na hapa sijisifu. Baba yangu mkubwa alikuwa shofere wa machini ya mvuke. Kwa lugha ya depo shofere ni mtu wa kulisha moto. Alianza kazi mbele ya uhuru, kijana. Nilipokuwa nasoma institut pédagogique nilikuwa nalala kwake, na magaribi alikuwa anaeleza: namna ya kuamsha moto polepole, saa nyingi, ili chuma kisishituke, namna ya kujua kwa rangi ya moshi kama mwenzako analala. Siku moja aliniambia: « Mutoto, ile haiko machini. Ni nyama. Unailisha, unainywesha, inakubeba. Ukisahau kuinywesha, inakukula. » Nikamwahidi kuleta kaye na kuandika yote. Nilikuwa na mitihani, kisha kazi, kisha ndoa, kisha mishahara isiyofika. Kaye nilinunua. Baba mkubwa alikufa mwaka 2012, na ile kaye nilikuja kuandikamo pointi za wanafunzi.

Kwa hiyo wakati shirika letu la utamaduni lilianza kuzungumza juu ya mchango wa kupaka rangi vitu vya zamani, nilisimama nikasema rangi ingoje. Wengine walikasirika kidogo. Mama mmoja wa komite akaniuliza: « Unataka tufanye nini, Mwalimu, tuzike chuma? » Nikamjibu hapana, chuma kinajua kungoja kushinda sisi, kinaweza kungoja miaka hamsini chini ya mvua, wazee wa depo waliobaki katika kartie zetu wanahesabiwa kwa vidole na kila masika wanapungua.

Juma lililofuata nilimpeleka yule binti, pamoja na wenzake wawili, kwa mzee mmoja mekanisye wa zamani, nyuma ya soko. Tulileta sukari na kaye mpya. Mzee aliangalia kaye, akaiweka chini ya kiti. Akafunga vyuma viwili katika etau yake, kimoja kizima, kingine amekikata na msumeno upande usioonekana, akampa binti nyundo ndogo na kumwambia afunge macho. « Gonga. Yenye kuvunjika ni gani? »

Binti alikosa mara tatu. Mara ya ine aligonga, akainamisha kichwa, akagonga tena, akaonyesha moja. Mzee hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alirudisha nyundo ukutani na kumwambia arudi siku ya posho.