Maji Huteremka Bondeni

Nani asiyeijua mifereji ya Kilimanjaro? Wazee wetu waliichimba kwa jasho lao, wakayaleta maji ya mito hadi vihambani, zamani kabla Mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafika Kilema mwaka 1890. Tena wakawekeana zamu, ili wa juu asimsahau wa chini.

Lakini kiangazi kikikaza, yuko mtu ajielekezeaye maji usiku katika zamu ya mjane aliye bondeni, na Jumapili hupiga magoti mbele ya Altare kumshukuru Mungu. Shukrani gani hiyo? Maji hakuyaumba yeye. Mfereji hakuuchimba yeye.

Maji huteremka ndipo yaletapo uhai. Bwana wetu naye alishuka: aliwaosha mitume miguu, akajinyenyekeza hata kufa Msalabani. Basi wewe uliyedhulumiwa usikate tamaa. Kristo yupo bondeni pamoja nawe, naye amefufuka. Nasi tulio juu tumwachie jirani maji yake leo, kabla jua halijachwa. Hiyo ndiyo shukrani impendezayo Mungu.