Kapu la Salim

Je, mwana aweza kuwa na hatia kwa jambo lililompata mzaziwe, hali yeye mwenyewe hakulitenda wala hakulifahamu? Suala hili, walilolijadili wanazuoni wa dini tangu kale, nimelikuta tena katika Gravel Heart, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyochapishwa mwaka 2017.

Salim ana umri wa miaka saba pale baba yake, Masud, anapoihama nyumba yao ya Unguja na kwenda kuishi katika chumba cha kupanga nyuma ya duka. Na kila siku mtoto humpelekea kapu la chakula kutoka kwa mama yake, Saida, ambaye hamwelezi sababu ya kutengana kwao. Nimelitafakari kapu hilo kuliko jambo jingine lolote kitabuni. Mtoto adhani amechukua chakula tu. Kumbe amechukua majuto ya mamaye, na arudipo nyumbani amechukua kimya cha babaye.

Siri yenyewe ni nzito. Amir, nduguye Saida, alitiwa kizuizini kwa sababu ya binti wa jamaa ya wakubwa, na Hakim, kaka wa binti huyo, akamwekea Saida sharti kwamba mwili wake ndio utakaokuwa fidia. Katika tamthilia ya Shakespeare iliyompa Gurnah jina la kitabu chake, Isabella alilikataa sharti la namna hiyo. Saida alikubali, nami sioni mwanadamu mwenye haki ya kumhukumu.

Kurani yafundisha kwamba nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine, na nabii Ezekieli aliwakanya waliodai kwamba wana hulipa makosa ya baba zao. Naiamini hukumu hiyo kwa moyo wangu wote. Lakini hiyo ni hukumu yake Mwenyezi Mungu, ajuaye ya siri na ya dhahiri. Mtoto hajui, na asiyejua hujitafutia kosa ndani ya nafsi yake, kwa kuwa ni nafuu kwake kusadiki kwamba yeye ndiye aliyemchukiza baba kuliko kuishi pasipo sababu yoyote.

Hapa Lubumbashi nayasoma haya nikiwakumbuka waliokuwa watoto mwaka 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga kwa maelfu, wakirundikana katika stesheni ya Likasi kungoja treni, na ndoa za mchanganyiko zikavunjika. Ni wangapi, katika mitaa yetu ya Katuba na Kenya, walioambiwa kwamba baba amesafiri, wasiambiwe ni nani katika ukoo aliyemfungia mlango? Wazee walinyamaza kwa nia ya stara. Stara ni fadhila kubwa, wala siidharau; ila nimeona jinsi iwezavyo kumfunika mkubwa na kumwacha mtoto uchi.

Salim alikuja kuambiwa akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, baba yake aliporejea kutoka Kuala Lumpur na kuketi naye kumsimulia yote. Saida alikwisha kufariki. Hapakuwa tena na wa kumwambia kwamba mwanawe amejua, na kwamba kapu lile, nadhani, angalilipeleka vilevile.