Jana Alisimama, Leo Ameketi

Ndugu zangu katika imani, vitabu vyetu vya fiqhi humweka mgonjwa wa Ramadhani katika mafungu mawili. Anayetarajiwa kupona hula, kisha hulipa siku zake. Asiyetarajiwa hutoa fidia, hulisha maskini mmoja kwa kila siku. Je, anayepata nafuu na kuugua tena tumweke wapi?

Chukueni ugonjwa uitwao polimialjia reumatika. Huwapata watu waliovuka miaka 50, wanawake zaidi. Asubuhi mabega na nyonga hukakamaa. Kuinua mikono kwa takbira ni kazi, kuinuka kutoka sijida ni kazi zaidi. Mgonjwa hupewa prednisoloni, na aghalabu siku chache tu maumivu hupungua mpaka watu wanamwambia, "Umeshapona." Hajapona. Dozi hupunguzwa polepole, mwaka mmoja, miwili au zaidi, na wengi maumivu huwarudia katika kupunguza huko. Kuikata dawa ghafla ni hatari.

Basi mama aliyeswali Ijumaa kwa kusimama, Jumatatu akaomba kiti, tunamteta kuwa ni mvivu! Hadithi ya Imran bin Huswein, iliyopokewa na Bukhari, inamtaka mtu aswali kwa uwezo wake: kusimama, akishindwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Haikumshurutisha awe na hali moja wiki nzima. Nabii Ayyub naye alimlalamikia Mola wake, na bado Qur'ani ikamsifu kwa subira. Kwa nini sisi tumnyamazishe anayesema inauma?

Kuhusu funga, naona maadamu daktari anatarajia nafuu, mgonjwa huyu ni wa fungu la kwanza: angoje, alipe. (Walio Ulaya ya Kaskazini, ambako ugonjwa huu umeenea zaidi, huweza kulipa katika siku fupi za baridi. Sisi wa karibu na ikweta siku zetu zote ni za saa kumi na mbili.) Nafuu isipotarajiwa tena, atoe fidia.

Na aliyekwisha kulisha, kisha akapata nafuu mwaka mzima, alipe pia? Wanazuoni wamekhitilafiana. Nilimuuliza mwalimu wangu wa fiqhi, naye akaniuliza: siku ile alipolisha, daktari alikuwa amemwambia nini?