Makaa Kabla ya Kipupwe

Masomo: Yakobo 2:14–17, Mathayo 25:1–13, Yohana 21:1–14



Mtume Yakobo anapotaka kuipima imani yetu hatuulizi maswali magumu ya elimu ya dini. Anatuuliza juu ya chakula na juu ya joto la mwili. Anatuonyesha Mkristo anayemwona nduguye hana nguo wala riziki ya siku ile, akamuaga kwa maneno mazuri ya kumtakia joto na shibe, na mkono wake usitoe kitu. Juu ya shibe tumehubiriwa mara nyingi. Juu ya joto twapita upesi, kana kwamba Maandiko yaliandikwa kwa watu wa pwani peke yao. Lakini sisi wa Nyanda za Juu, ambao mwezi wa Juni na Julai twasikia habari za sakitu kule Kitulo, hatuna udhuru wa kulipita neno hili.

Leo tungependa kujifunza kwa mfano wa mbali kidogo, yaani nyumba za zamani za Uingereza na makaa ya mawe yaliyozipasha joto.  Tena makaa ya mawe si kitu kigeni kwetu: yamelala katika vilima vya Mchuchuma wilayani Ludewa, na yamechimbwa Kiwira na Ngaka. Sisi tuliopata kwenda masomoni kule katika miaka ya 1980 tuliyaona matumizi yake, na tumeona yana mafundisho manne.

Kwanza, kuagiza mapema. Nyumba ya zamani ya Kiingereza ilikuwa na kuta nene za mawe, vyumba virefu kwenda juu, madirisha yapitishayo upepo, na meko karibu katika kila chumba. Ilikula makaa mengi. Kwa hiyo mwenye nyumba mwenye busara hakungoja theluji ianguke. Aliagiza wakati wa kiangazi chao, ambao kwetu ni kipupwe, kwa sababu miezi hiyo wafanyabiashara wa makaa walishusha bei, na magari yao yalikuwa na nafasi. Aliyengoja mpaka Desemba alilipa zaidi, akapanga foleni nyuma ya wengine, na pengine akakaa siku kadhaa na meko baridi.

Hapo twawakumbuka wale wanawali watano waliochukua mafuta ya akiba. Lakini ndugu, tuangalie tusiufanye mfano ule wa Bwana wetu kuwa fimbo ya kumpigia maskini. Wanawali wapumbavu walilaumiwa kwa kuwa waliweza kujitayarisha wasijitayarishe. Kule Uingereza walikuwako wajane wengi waliojua vizuri kabisa kwamba makaa ya Julai ni rahisi kuliko ya Januari, ila mwezi wa Julai hawakuwa na fedha wala mahali pa kuyaweka. Walinunua kidogo kidogo katikati ya baridi, na kwa kila ratili walilipa zaidi ya tajiri. Je, kwetu si hivyo hivyo? Anunuaye mkaa gunia zima na anunuaye kwa kopo, ni nani alipaye zaidi kwa kila jiko analowasha? Basi kabla hatujamwambia mtu kwamba hakujipanga, tumwulize kama alikuwa na kitu cha kupanga.

Pili, kupima kwa haki. Makaa yaliletwa katika magunia ya ratili 112, yaani kilo 50 na ushei, na magunia 20 yalifanya tani moja ya Kiingereza. Katika mitaa ya mjini kulikuwa na tundu la mviringo kando ya njia, mbele ya nyumba, lenye kifuniko cha chuma. Wachukuzi walifunua kifuniko na kumimina gunia baada ya gunia, na makaa yakaanguka katika ghala la chini ya ardhi bila kupita sebuleni. Mama wa nyumba alisimama mlangoni akihesabu magunia matupu, maana makaa yakishamwagwa gizani ni nani awezaye kusema yalikuwa mangapi?

Zamani mjini London makaa yaliuzwa kwa kipimo cha ujazo, si kwa uzito. Wauzaji wajanja waliyavunja mabonge, kwa kuwa vipande vidogo huacha nafasi katikati na kujaza pishi upesi. Mnunuzi aliona chombo kimejaa, kumbe sehemu kubwa amenunua upepo. Kwa sababu ya udanganyifu huo sheria ya mwaka 1831 iliagiza makaa yauzwe kwa uzito. Lakini hata mizani haikumaliza hila, maana makaa yaliyomwagiwa maji huwa mazito.

Msomaji asicheke Waingereza wa zamani. Sisi tunalijua gunia la mkaa lenye kilemba kizuri juu na chenga tupu chini. Tunamjua muuzaji anayebonyeza kopo ndani ili lionekane limejaa. Kitabu cha Mithali, sura ya 11, chasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Mungu, na Walawi sura ya 19 yaweka vipimo vya haki pamoja na amri nyingine za utakatifu. Mkristo anayeuza mkaa siku ya Jumamosi na kushiriki Meza ya Bwana siku ya Jumapili, yampasa kopo lake nalo liwe limeongoka.

Tatu, kuhifadhi. Ghala jema la makaa lilikuwa kavu, lenye mlango unaofungwa. Mzigo mpya haukumwagwa ovyo juu ya ule wa zamani, maana ukifanya hivyo miaka yote utachota ya juu, na ya chini yatabaki mpaka yawe vumbi. Mtunzaji hodari aliyasogeza ya zamani mbele kwanza, akayatumia kabla ya mapya. Wala hakutupa majivu ya jana karibu na ghala, kwa kuwa majivu yanayoonekana yamekufa huweza kuficha kaa lililo hai. Huo ni ushauri mzuri hata kwa stoo zetu za mkaa na kuni: zikae mahali pakavu, mbali na jiko, mbali na mafuta ya taa, na nje ya chumba cha kulala.

Katika Walawi sura ya 6 makuhani waliagizwa kuuangalia moto wa madhabahu usizimike, na kuweka kuni kila asubuhi. Moto ule mtakatifu haukuendelea kwa miujiza. Mtu aliamka mapema akabeba kuni. Hata sala za nyumbani haziendelei zenyewe pasipo mtu wa kuamka na kuwakusanya watoto.

Nne, na hili ndilo lililotusukuma kuandika: dohani. Moto wowote wa makaa hutoa vitu viwili, moshi unaoonekana na hewa ya sumu isiyoonekana. Waingereza waliujua moshi kwa uchungu. Kuanzia tarehe 5 hadi 9 Desemba 1952, hewa ya London ilitulia bila upepo, na moshi wa meko za nyumbani na wa viwanda ukachanganyika na ukungu. Watu hawakuweza kuona njia mchana. Wakati ule ilihesabiwa kwamba watu wapatao 4,000 walikufa, na uchunguzi wa baadaye umesema huenda wakafika 12,000. Kwa hiyo mwaka 1956 ikatungwa sheria ya hewa safi. Hivi karibuni wamekwenda mbali zaidi: Mei 2021 walikomesha kuuza makaa ya kawaida ya nyumbani katika mifuko, na Mei 2023 hata yale ya kuletwa kwa wingi. Mwenye nyumba ya zamani leo huagiza makaa yaliyotengenezwa ili yasitoe moshi mwingi.

Hewa isiyoonekana ni adui mkubwa zaidi, nayo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito, naye hudhani ni uchovu wa shamba. Mwingereza alijengewa dohani ya kuipeleka juu ya paa, akaisafisha kila mwaka. Sisi je? Wakati wa kipupwe twalichukua jiko la mkaa, twaliingiza chumbani walalapo watoto, twafunga mlango na dirisha, na kuziba nyufa kwa matambara ili joto lisitoke. Nyumba ya namna hiyo imeziba njia ya uhai.

Twawasihi kwa jina la Bwana, ninyi wazazi, ninyi vijana mliopanga vyumba mjini, nanyi mnaowalea wazee: msilale na jiko la mkaa ndani. Mkaa ulioiva, mwekundu, usio na moshi, bado unatoa sumu ile. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Litoeni jiko nje kabla ya kulala. Usiku tumieni blanketi, soksi, na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa nguo. Mkimkuta mtu amezidiwa, mtoeni penye hewa safi mara moja na kumpeleka hospitali, msingoje kukuche. Kumbukeni kwamba kumlinda mtoto asiyeweza kujilinda ni sehemu ya ahadi tulizotoa kwenye ubatizo wake.

Ndugu wapendwa, tusisahau pia mikono iliyotufikishia moto. Nchini Uingereza wanawake na watoto wadogo walifanya kazi chini ya ardhi machimboni mpaka sheria ya 1842 ilipowaondoa. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, Wales, lundo la takataka za mgodi liliporomoka juu ya shule, wakafa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Sisi tuliofundisha maisha yetu yote hatuwezi kuisoma habari hiyo bila kunyamaza kidogo. Huku kwetu nako yuko mchoma mkaa aliye porini usiku akivuta moshi, na iko misitu inayopungua na vyanzo vya maji vinavyokauka. Mwezi wa Mei 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kubadili jiko lake, asingoje.

Basi tufanye nini? Twapendekeza kwamba kila mwaka, kabla ya mwezi wa Mei kwisha, kila mtaa uandike orodha ya wajane, wazee na wagonjwa wasio na mtu wa kuwatafutia kuni wala blanketi. Baraza la Parishi liagize kwa pamoja, kwa bei ya jumla, wakati barabara bado hazijajaa wanunuzi. Vijana wabebe, wazee wa kanisa wahesabu mbele ya mashahidi. Na wanaopeleka mzigo wakae kidogo, waangalie mahali jiko linapowekwa, waeleze habari ya hewa ile, ndipo wasali na kuondoka.

Katika Injili ya Yohana umetajwa moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza ni uani kwa Kuhani Mkuu, Petro akiota moto wa watu wengine na kumkana Bwana wake. Mara ya pili ni ufukoni mwa bahari ya Tiberia, alfajiri, baada ya Ufufuo. Wanafunzi walikuwa wamelowa na kuchoka, na walipofika pwani wakakuta moto umekwisha kuwashwa, na samaki juu yake, na mkate. Aliyewasha ni Bwana mwenyewe. Hakungoja Petro aombe radhi kwanza ndipo atafute makaa. Alitayarisha joto na chakula, akawaita, na mazungumzo yakafuata baada ya kula.

Ee Bwana uliyewawashia rafiki zako moto, utupe mioyo ya kutayarisha mapema, mikono ya kupima kwa haki, na akili ya kuwalinda walalao katika nyumba zetu. Neema yako iwe pamoja nasi sote wakati wa baridi na wakati wa joto. Amina.