UJIRA WA MWENYE KUKESHA

Nahodha atokaye pwani ya Ziwani kuelekea mlango wa Ruvuma hahesabu mabaharia wake kwa bahari shwari. Siku ya shwari chombo huenda na watu wawili, mmoja ameshika usukani na wa pili amelala kivulini mwa tanga. Walakini upepo ukigeuka ghafula, foromali ikawa nzito, tanga likarowa na maji yakaingia chomboni, hapo wawili hawatoshi. Na wa tatu aliye nchi kavu, hata akiitwa kwa sauti kuu, hafai kitu. Kwa hiyo nahodha mwenye akili huchukua watu wa dhoruba, na huwalisha siku zote za shwari. Naye mtazamaji aliye ufukoni huenda akasema: Watu hawa wanakula bure.

Neno hilo, wanakula bure, ndilo litakalochunguzwa katika waraka huu. Kwani zama hizi wanadamu wamejenga mitambo yenye nguvu kubwa na khatari kubwa, na kila mtambo una watu wake wa kukesha. Na mtambo ambao kukesha kwake kumepimwa na kuandikwa kuliko mingine ni kinu cha umeme wa nyuklia. Basi yako masuali matatu. La kwanza: mtu akikesha miaka ishirini na lisitokee jambo, je, ujira wake ni halali? La pili: je, mwenye mtambo ana ruhusa ya kupunguza idadi ya wakeshaji kwa kuwa halikutokea jambo? La tatu: khatari ikija na wakeshaji wakawa wachache, je, ushujaa wao unamwondolea lawama aliyewapunguza?

KWA NINI KINU HIKI KINAKESHEWA

Jua, ewe msomaji, ya kuwa moto wa jikoni ukiondolewa kuni huzimika, na mwenye nyumba hulala. Moto wa nyuklia sivyo ulivyo. Wafanyakazi wakikizima kinu, saa ile ile hubaki joto la kadiri ya sehemu sita au saba katika kila mia ya nguvu yake, nalo hupungua polepole, kwa siku na miezi na miaka. Kuzima, basi, siko kumaliza. Sharti maji ya kupoza yaendelee kupita; na yakikatika, vyuma vya ndani huyeyuka, na mionzi isiyo na rangi wala harufu hutoka ikawafikia watu majumbani mwao.

Kwa sababu hiyo kila zamu, usiku na mchana, sharti iwe na watu wa kutosha kuzianza kazi zote za mwanzo pasipo kungoja msaada: wa kuendesha mitambo, wa kutoa amri, wa kupeleka khabari serikalini, wa kupima mionzi, wa kuzima moto, na wa kumtazama aliyeumia. Nyuma yao wako wengine majumbani, wenye zamu ya kuitwa, na muda wa kufika kwao umewekwa kwa dakika. Huko Marekani, baada ya ajali ya Three Mile Island ya tarehe 28 Machi 1979, mwongozo wa serikali uliweka kwamba kundi la kwanza lifike katika dakika 30 na la pili katika dakika 60. Mwongozo mpya wa mwaka 2019 umekubali dakika 60 na 90. Na kanuni ya mwaka 2011 iliwalazimisha wenye vinu kuchunguza zamu zao, ili asipewe mtu mmoja kazi mbili zitakazomjia kwa wakati mmoja.

Sharti hili la mwisho lina hekima kubwa. Ikiwa mpeleka khabari ndiye pia mzima moto, katika daftari ni wawili, na moto ukiwaka ni mmoja. Daftari halizimi moto.

MIFANO MITATU

Mfano wa kwanza ni Chernobyl, katika nchi ya Ukraine. Jaribio lililokusudiwa kufanywa mchana wa tarehe 25 Aprili 1986 liliahirishwa kwa kuwa umeme ulihitajiwa. Watu waliojitayarisha kwa jaribio lile wakamaliza zamu yao, na watu wa usiku wakaupokea mzigo wasiouzoea. Saa saba na dakika 23 za usiku kinu cha nne kikapasuka. Kasoro za kinu chenyewe zilikuwa kubwa, wala si haki kuwatupia watu wa zamu lawama yote. Walakini hao na wazima moto ndio waliolipa, na 28 miongoni mwao walikufa kwa mionzi katika miezi iliyofuata.

Mfano wa pili ni Fukushima, Japani. Ijumaa tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika 46 mchana, ardhi ilitetemeka. Kisha bahari ikainuka ikaingia, na injini za kutoa umeme wa dharura zikafunikwa na maji. Vinu vitatu vikayeyuka ndani. Siku ile ilikuwa siku ya kazi, na maelfu ya watu walikuwamo kazini. Lau mambo hayo yangalitokea usiku wa manane, mikono ya mwanzo ingalikuwa michache mno. Tarehe 15 Machi wengi waliondolewa, wakabaki takriban 70, nao ulimwengu ukawaita Hamsini wa Fukushima.

Mfano wa tatu ni Chernobyl tena. Kituo kile kiliacha kutoa umeme tangu mwaka 2000, lakini masalio ya nyuklia yaliyomo bado yanahitaji ulinzi. Tarehe 24 Februari 2022 jeshi la Urusi lilikiteka, na wafanyakazi walioingia kwa zamu ya usiku mmoja tu hawakupata wa kuwapokea. Walikaa humo karibu saa 600, hadi tarehe 20 Machi ndipo wengi wao walipopokewa. Walifanya kazi, wakalala hapo hapo, wakaamka, wakafanya kazi.

JAWABU YA SUALI LA KWANZA

Akisema msemaji: Mkeshaji hakufanya kitu, basi alipwe nini? Ataambiwa: Aliyekodi nyumba akakabidhiwa ufunguo, kisha asilale humo hata siku moja, kodi iko juu yake, kwani alichouziwa ni manufaa ya nyumba, nayo yaliwekwa mkononi mwake. Hivyo ndivyo wasemavyo wanachuoni wa madhehebu ya Shafii. Na mkeshaji kadhalika. Alichokitoa ni nafsi yake iliyo tayari: macho yaliyo wazi, elimu isiyosahauliwa, na usiku ambao hakuwa na watoto wake. Hayo ameyakabidhi yote. Moto usipowaka, aliyemwajiri amepata neema, wala hakupata dai juu yake.

Walakini kukabidhi nafsi kuna masharti. Mkeshaji aliyelala hakuikabidhi. Aliyeacha kujizoeza mpaka akasahau kifunguo kipi cha maji na kipi cha mvuke, naye hakuikabidhi, ijapokuwa alikuwa ameketi kitini. Huyo ndiye alaye bure kwa kweli. Na mwenye mtambo asiyempa nafasi ya kujizoeza wala ya kupumzika ni mshirika wake.

JAWABU YA SUALI LA PILI

Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, wapiga mishale 50 waliwekwa juu ya kilima, mkubwa wao akiwa Abdullah bin Jubayr, wakaamrishwa wasiondoke. Walipoona adui amekimbia, wengi wao walishuka, kwani walidhani haja ya kilima imekwisha. Wachache walibaki. Ndipo wapanda farasi wa Khalid bin al-Walid walipozunguka, wakapita pale pale palipokuwa pamelindwa. Kosa la walioshuka halikuwa woga. Walifanya salama ya saa moja kuwa ushahidi wa saa ijayo, na kumbe salama ile ililetwa na kukaa kwao pale.

Mwenye mtambo naye ana hoja, wala si haki kuzificha. Husema vyombo vya sasa huonya mapema kuliko vya zamani. Na fedha ya mishahara huweza kununua pampu. Na watu wengi wasio na kazi husinzia. Maneno haya yana kweli ndani yake. Kwa hiyo sharti ipambanuliwe sababu ya kupunguza. Ikiwa khatari yenyewe imepungua, kama kinu kilichofungwa miaka mingi na joto lake likashuka, kupunguza wakeshaji ni sawa, na kuwazidisha ni israfu. Au ikiwa imewekwa pampu ijiendeshayo yenyewe, na imejaribiwa mbele ya macho ikafanya kazi ya mtu, basi mtu yule aweza kupewa kazi nyingine. Ama ikiwa hoja yote ni kwamba miaka ishirini halikutokea jambo, hiyo ni hoja ya walioshuka kilimani.

Na wanachuoni wamesema ya kuwa mwekewa amana huihifadhi mahali panapofaa kitu cha namna yake: kuni hufaa uani, dhahabu haifai uani. Basi idadi ya wakeshaji hupimwa kwa ukubwa wa kilichowekwa, wala haipimwi kwa wingi wa siku zilizopita bila mwizi. Ulinzi wa watu ni fardhi kifaya, na neno kifaya maana yake ni kutosha. Wakisimama wasiotosha, fardhi haijaondoka.

JAWABU YA SUALI LA TATU

Watu hupenda khabari za mashujaa, na waliobaki Fukushima na Chernobyl wanastahiki sifa. Lakini atazame mwenye kutazama: mara nyingi ushujaa wa wachache ni deni la wengine lililokuja kudaiwa usiku. Mtu aliyepewa kazi ya watu wanne akaifanya, amemtendea wema kila jirani. Na aliyewaondoa wale watatu hakutenda wema wowote. Sifa ya wa kwanza isiwe stara ya wa pili. Wala haifai kuuweka ushujaa katika hesabu tangu mwanzo, ikasemwa: Waweke wawili, kwani penye shida watajitahidi. Kujitahidi kwao ni mali yao wenyewe. Hakuna mwenye haki ya kupanga matumizi ya mali isiyo yake.

PWANI YA ZIWANI NA JIRANI ZAKE

Afrika Mashariki bado haina kinu cha umeme wa nyuklia, ingawa Kenya na Uganda zina azma hiyo. Katika bara zima kinachofanya kazi ni Koeberg, karibu na Cape Town. Na Waswahili wakaao katika nchi za Ghuba ni jirani wa Barakah, katika Abu Dhabi, ambako vinu vinne vimeanza kazi kati ya mwaka 2021 na 2024.

Lakini suali limekwisha kufika Mtwara kwa mlango mwingine. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 husafishwa Madimba na kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba lipitalo kilomita zaidi ya 500. Gesi si nyuklia: ukiifunga njia yake, moto hukosa chakula. Hata hivyo sharti awepo wa kuifunga. Haisemwi hapa ya kuwa Madimba pana upungufu. Linalosemwa ni kuwa jirani ana haki ya kuuliza, na mwenye mtambo ana wajibu wa kujibu pasipo kukasirika: Usiku wa Idi wako wangapi? Je, kila mmoja amehesabiwa mara moja tu? Na wa kuitwa, wakiitwa wakati wa masika na njia imejaa matope, watafika baada ya muda gani?

Mwezi wa Aprili 2019 ilipokaribia tufani ya Kenneth, watu wa Mtwara walionywa waondoke mahali pa khatari. Tufani ikaingia Msumbiji. Atakayesema kwamba waliondolewa bure na asimame pwani aitazame ng'ambo ya Ruvuma, aone kwamba baina ya bure na msiba mlikuwa na mto mmoja.

Basi mtu akipita usiku akaiona taa ya wakeshaji inawaka na hapana linalotokea, asiseme watu hao wanakula bure. Aulize tu kama wanatosha. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.