Ndago Haifi kwa Kukatwa Majani



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada katika imani, mada yangu ni kinyongo, yaani lile jambo la moyoni linalomfanya Muislamu amkwepe mwenzake hata wakiwa wameswali safu moja. Nitalieleza kwa mfano wa gugu la bustanini. Mfano huu si mgeni katika elimu yetu. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika risala yake kwa mwanafunzi, Ayyuhal Walad, aliifananisha kazi ya malezi na kazi ya mkulima anayeng'oa miiba na kuondoa magugu ili mazao yake yastawi.

Kwetu Bulembia, katika bonde la mto Nyamwamba, mama ana matuta mawili ya mawaridi mbele ya nyumba, na gugu linalomsumbua ni ndago. Asiyeijua huifyeka kwa panga au huvuta majani kwa mkono, akaona pamekuwa safi. Baada ya siku chache imerudi. Sababu iko chini ya udongo. Kila mche umeshika kiazi kidogo cheusi, na kiazi hicho kimeunganishwa na vingine kama punje za tasbihi kwenye uzi. Ukiukata uzi, viazi vilivyokuwa vimelala huamka, na kila kimoja hutoa mche wake.

Kinyongo nacho kiko hivyo. Mafuriko ya Nyamwamba ya Mei 2020 yaliacha mchanga na mawe viwanjani, na alama za mpaka wetu zikapotea. Baba na baba mdogo wakaanza kugombania hatua chache za ardhi. Kila Idi walikumbatiana, wakala pilau katika sinia moja. Wiki ikipita, salamu zimekatika. Ikafika mahali sisi watoto hatujui watoto wa baba mdogo wanasoma darasa la ngapi, na nyumba zetu zinatazamana! Wazee waliwaambia wasameheane, nao wakaitikia, lakini hakuna aliyeuliza mpaka ulipita wapi.

Hatimaye imamu wetu aliwakalisha chini, pamoja na mwenyekiti wa LC na majirani wawili waliokumbuka mpaka wa zamani. Walipima kwa kamba. Baba akarudisha hatua mbili. Wakaandika mbele ya mashahidi, kama Qur'ani inavyotufundisha kuandika madeni katika Suratul Baqara, aya ya 282.

Ndugu zangu, tazameni sasa mkulima anavyoimaliza ndago, mjue la kufanya.

Kwanza, huchimba. Hutumia jembe la meno, akainua udongo taratibu ili uzi usikatike, akaokota viazi kimoja kimoja. Nawe taja chanzo cha ugomvi kwa jina lake: ni deni la pesa, ni maneno yaliyosemwa wakati wa uchaguzi wa viongozi wa jumuiya, au ni posa iliyokataliwa? Msamaha usiogusa chanzo ni panga tu.

Pili, hukausha. Mama huvitandaza viazi vya ndago juu ya bati kuukuu, jua kali la Kasese likavikausha mpaka vife. Akivitupa kwenye rundo bichi la mbolea vitaota tena, na mbolea ile itavipeleka kila tuta. Usilichukue jambo la watu wawili ukalitupa kwenye kundi la WhatsApp la hosteli. Huko ndiko linakopata unyevu.

Tatu, hurudia. Baada ya wiki mbili au tatu huchungulia tena, akang'oa miche mipya kabla haijatengeneza viazi vingine. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, kama alivyopokea Bibi Aisha (r.a.), kuwa amali impendezayo zaidi Allah ni ile ya kudumu hata ikiwa ndogo. Mpigie simu mwenzako wiki hii, na wiki ijayo umpigie tena. Baba na baba mdogo mpaka leo hutembeleana kila Ijumaa baada ya swala.

Nne, hupanda. Ndago haipendi kivuli. Penye mimea iliyosongamana hudhoofika. Jaza nafasi ya kinyongo kwa salamu, na umuombee dua mwenzako akiwa hayupo.

Kwa nini tuharakishe? Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba milango ya Pepo hufunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na husamehewa kila mja asiyemshirikisha Allah, isipokuwa wawili wenye uhasama baina yao. Hao husubirishwa mpaka wapatane. Wapo miongoni mwetu wanaofunga siku hizo mbili, wanafuturu msikitini, na jina lao linabaki pembeni kwa sababu ya mtu wanayelala naye chumba kimoja.

Alhamisi iko karibu. Anayejua ndago yake iko wapi aanze kuchimba kabla haijafika.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu, wala usiweke ndani yake chuki kwa walioamini. Amin.

Wabillahi tawfiq.