Mtoto Akimsahihisha Baba Yake

Jioni moja hapa Kitura naliandika barua kwa shemeji yangu akaaye Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Nalimwomba atuletee kalamu mbili za watoto, lakini mkono wangu uliandika "karamu mbili". Binti yangu wa darasa la pili alikuwa ameketi karibu nami, akifuata herufi kwa kidole. Akasema kwa upole, "Baba, hapa ni kalamu. Karamu ni ile ya arusi." Alisema kweli. Lakini mimi nalimkaripia, nikamwambia kwamba mtoto hamfundishi mzazi. Akanyamaza. Kesho yake nilipomwita asome, alisoma kwa sauti ndogo, wala hakuniuliza neno lo lote.

Tangu hapo najiuliza: Je, mtoto amsahihishaye baba yake amevunja amri ya nne, ituagizayo kuwaheshimu baba na mama?

Wako wasemao kwamba herufi ni kazi ya mwalimu, mzazi hana neno nazo. Hao wakumbuke kilimo cha Wamatengo. Mvua ikinyesha juu ya mlima usiotengenezwa, hukimbilia bondeni na kuchukua udongo. Kwa hiyo wazee walilaza nyasi kwa miraba, wakazifunika kwa udongo, wakaacha shimo katikati; ndizo ngoro. Ngoro haileti mvua, bali huyashika maji yasipotee. Basi, mafundisho ya shule ni mvua, na nyumba ni ngoro. Mzazi hahitaji kuwa mwalimu. Yampasa kushika tu kile ambacho mtoto amekileta.

Hata Martin Luther, alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya sehemu zake kwamba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Hakuyaacha yote kwa wachungaji na walimu.

Kazi yenyewe si nzito. Kila jioni chagueni maneno matano ya vitu vya nyumbani: jembe, chungu, kahawa, maharagwe, kuni. Mtoto ayaandike kwa kidole katika mchanga au majivu, kisha ayasome. Mpeni na maneno yanayofanana, kama mahali na mahari, kula na kura, ili sikio lake lizoee kutenga l na r, maana ndimi zetu nyingi huzichanganya. Na mama asiyejua kusoma asikae kando. Amwulize mtoto, "Neno hili maana yake nini?" naye amtajie jina la kitu kile kwa Kimatengo. Hivyo mtoto atapata maneno mawili, na mama atapata moja.

Lakini fimbo isiwepo. Kosa la herufi si dhambi. Vitabu vya kale viliandika "khabari", nasi leo twaandika "habari". Watu wazima walijifunza upya, wala hawakupigwa.

Nairudia sasa amri ya nne. Wengine huogopa kwamba mtoto akijua kumzidi mzazi, atajivuna. Hofu hiyo si bure. Mtoto amchekaye mama yake kwa kuwa hajui herufi, huyo aonywe. Lakini aonywe kwa kudharau, asionywe kwa kujua. Binti yangu hakunidharau. Aliniita Baba, akasema kweli kwa upole. Mimi ndimi niliyetaka heshima ambayo haikupotea, na kwa ajili yake nikamfundisha kwamba kweli hunyamazishwa mbele ya mkubwa. Fundisho hilo ni baya kuliko kosa la herufi mia. Mzazi ajifanyaye kujua asichokijua humfundisha mwanawe uongo, na mtoto aliyezoea kunyamaza nyumbani atanyamaza hata atakapoona uovu.

Ninyi walimu wa dini, mtakapozuru nyumba za Wakristo, msiwaulize wazazi tu kama watoto huenda shuleni. Waulizeni pia ni nani awasikilizaye jioni.

Barua ile nalikuwa sijaipeleka. Nalimwita binti yangu, nikamwambia, "Mwanangu, siku ile ulisema kweli, mimi nalikosa." Nikampa kalamu yangu. Akalifuta neno lile, akaliandika upya kwa mkono wake, polepole. Kisha akaniuliza, "Baba, na hili hapa lasomwaje?"